Chokaa Kwanza, Mfuko wa Mbolea Baadaye

Mvua za Novemba zikishashika, ukitoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa utaziona familia shambani. Baba anachimba mashimo kwa jembe, mama anatia punje za mahindi, mtoto anafuata na kizibo cha soda kilichojaa mbolea. Kizibo kimoja, shimo moja. Hakuna anayemwaga hovyo, maana mfuko wa kilo 50 umenunuliwa kwa pesa ya kudunduliza.

Hata hivyo sehemu kubwa ya mbolea hiyo haiufikii muhindi. Udongo mwekundu wa jimbo letu la Haut-Katanga umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Kalsiamu imekwenda, uchachu umebaki. Humo, chuma na alumini huikamata fosforasi ya mbolea kabla mzizi haujaifikia. Urea nayo, ikitiwa peke yake mwaka baada ya mwaka, huzidisha uchachu. Mkulima akiona mavuno yanapungua hudhani ameuziwa mbolea mbovu, kisha anakopa anunue mfuko mwingine.

Rais Félix Tshisekedi amezungumzia kilimo kulipiza kisasi kwa madini. Naiunga mkono kauli hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa mji wetu wa Lubumbashi hula bukari, yaani ugali, ya mahindi ya Zambia, na Zambia ikifunga mpaka, bei ya unga hupanda. Lakini msaada wa mbolea peke yake hautatufikisha huko. Dawa ya uchachu ni chokaa, nayo tunayo: mawe yake yako Kakontwe, karibu na Likasi, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Viwanda vya shaba na kobalti hutumia chokaa kuua asidi. Shamba lina ugonjwa huohuo, tena halihitaji chokaa ya kuchomwa; jiwe lililosagwa laini linatosha.

Wazee walikuwa na njia yao: kuvunja kichuguu na kutandaza udongo wake, ambao una kalsiamu nyingi kuliko udongo wa pembeni. Inafaa, ila vichuguu hivyo vikubwa vimejengwa na mchwa kwa karne nyingi, na wafyatua matofali nao wanavimaliza. Havitatosha kila shamba.

Wapo wanaosema chokaa ni nzito. Ni kweli: hekta moja huweza kutaka tani moja, mbili au zaidi, na nauli ndiyo inayomshinda mkulima. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja naye ana haki ya kusita, kwa sababu faida ya chokaa huendelea miaka kadhaa na huenda ikamwangukia mwenye shamba. Kwa hiyo pesa ya umma ilipe kwanza nauli ya chokaa, na mikataba ya kukodi mashamba iwe ya miaka mitatu au minne. Samadi ya kuku, ambayo wafugaji wa mjini wanayo, ifuate, kisha mfuko.

Viongozi wa jimbo, msimu ujao malori yanayopeleka mbolea vijijini yatangulie na chokaa, tena mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaanza.