Krismasi ya Watoto wa Nyanza na Idi Yetu Inayokuja

Huenda msomaji wa Mwambao akauliza: Muislamu na Krismasi, wapi na wapi? Swali ni la haki, na jibu langu ni fupi. Sikushika kalamu leo kutoa fatwa. Nani ashiriki na nani asishiriki katika sikukuu ya mwenziwe ni suala lenye masheikh wake. Mimi nazungumzia mfuko, tena mfuko wa mzazi mwenye watoto wadogo, na mfano wangu nimeuchukua Homa Bay na Migori kwa kuwa huko jambo hili limesimama wazi kama mlingoti. Wala si jambo la Wakristo peke yao. Limo njiani linakuja kwetu, na miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole.

Kaunti hizi mbili, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, zimekaa ubavuni mwa Ziwa Viktoria, na Migori imepakana na Tanzania pale Isebania. Wenyeji wengi ni Wajaluo, pamoja na Wasuba na Wakuria, na wengi wao ni Wakristo. Krismasi kwao ni siku ya kurudi nyumbani. Aliyeko Nairobi, na aliyeko hapa kwetu Mombasa, hupanga safari, na nauli ya basi nayo hupanda wakati uo huo. Zawadi ya asili ya mtoto mdogo wa kule ni nguo: gauni jipya, au shati na suruali fupi, na viatu mzazi akijaliwa. Mtoto huvalishwa asubuhi, akapelekwa kanisani, kisha akazunguka nazo kijijini zipate kuonekana. Baada ya nguo ni chapati. Sisi chapati twaila asubuhi ya siku yoyote pasi na kuifikiria. Kwa watoto wengi wa mashambani Nyanza, chapati na soda ndiyo Krismasi yenyewe. Vitu vya kuchezea vya dukani, wanasesere wa plastiki na vigari vya betri, vimekuja baadaye, na aghalabu huletwa na ami au shangazi atokaye mjini.

Anayeyatazama haya kwa jicho la Kiswahili hawezi kukosa kuiona Idi. Kwetu pia mtoto huvalishwa kipya, huzunguka nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi, kisha akaenda nao kwenye bembea za Makadara, Mombasa, au Mnazi Mmoja, Unguja. Furaha ni ile ile. Tofauti iko kwenye kalenda, na hapo ndipo penye maneno.

Idi yetu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na hata usiku wa mwisho wa mfungo mtu hujitetea kwamba mwezi haujaandama. Mzazi Mkristo hana udhuru huo. Desemba 25 haihami. Aliijua tangu Januari. Basi ni kwa nini kila mwaka humjia kama mgeni asiyepiga hodi?

Sababu ni kwamba watu hawa wanaishi kwa mapato yasiyofuata kalenda ya ukutani. Tumchukue mvuvi wa omena. Omena ni dagaa wa ziwani, na huvuliwa usiku kwa taa, kama wafanyavyo wavuvi wetu wa dagaa baharini. Taa hufaa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mwanga hutapakaa majini, samaki hawaikusanyikii taa, na mashua hulala ufukweni siku kadhaa. Kwa hiyo mvuvi wa Mbita au wa Muhuru Bay, hata awe mzee wa kanisa, riziki yake hufuata mwezi wa angani kama ufuatavyo mfungo wetu. Mwaka 2015 mwezi ulipevuka Desemba 25 yenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1977. Mwaka 2023 ulipevuka Desemba 27. Mwaka 2024 mambo yaligeuka, mwisho wa Desemba ukawa giza, wakati mzuri wa kuvua. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni Desemba 24. Maana yake ni kwamba pesa za Krismasi ya mwaka huo ni zile za giza la mwanzo wa Desemba. Mvuvi akizimaliza kufikia tarehe 15, sikukuu humkuta amekaa anashona nyavu. Jambo hili halihitaji mnajimu. Kalenda ya Kiislamu tunayoitundika sebuleni ingemfaa yeye zaidi kuliko ile yenye picha ya trekta.

Na mzigo wa zawadi aghalabu hauko juu ya mvuvi. Uko juu ya mkewe, au mwanamke anayewanunua omena pale ufukweni, akawaanika na kuwauza sokoni kwa gorogoro. Yeye ndiye ajuaye viatu vya nani vimechanika.

Upande wa Awendo, Migori, kuna miwa. Kiwanda cha sukari cha Sony kiliasisiwa miaka ya 1970, na mwaka 2025 Serikali ilikikodisha kwa kampuni binafsi. Miwa yachukua kiasi cha mwaka na nusu kukomaa, na malipo ya wakulima wa miwa magharibi mwa Kenya yamekuwa na sifa ya kuchelewa kwa miaka mingi. Baba aliyemwahidi mwanawe viatu kwa pesa za miwa ameahidi kitu kisicho mkononi mwake. Wachimba dhahabu wa Macalder nawapita haraka: pesa yao ni ya bahati, na pesa ya bahati haipangiki ila ikiwekwa kando siku ile ile ijapo.

Mapato na sikukuu visipokutana, mzazi hukimbilia deni. Zamani deni lilikuwa katika daftari la mwenye duka, na mwenye duka alikuwa na macho. Alimwona mtu akisita. Siku hizi deni limo kiganjani. M-Pesa ilikuja mwaka 2007, M-Shwari mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019. M-Shwari ilipoanza, mkopo wake ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Hebu tupige hesabu. Mkopo kama huo ukichukuliwa Desemba 20 wadaiwa Januari 19. Na Januari kuna nini? Kuna shule. Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 ulianza Januari 6, na wa mwaka 2026 Januari 5, siku kumi na moja tu baada ya Krismasi. Ni kweli kwamba karo ya shule za msingi za Serikali iliondolewa mwaka 2003, lakini sare hazikuondolewa, wala madaftari, wala viatu vyeusi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kigari cha mtoto betri imekufa, deni li hai.

Kwa sisi tulioanza chuoni na juzuu ya amma, deni lenye ziada lina jina lake na hukumu yake, sina haja ya kuirudia. Ninauliza jambo dogo zaidi: kwa nini mtu akope kwa ajili ya mtoto wa miaka minne? Mtoto wa miaka minne hajui bei. Mpe mpira wa shilingi chache na umpe gari la maelfu, atacheza na boksi la gari. Ajuaye bei ni jirani. Nyingi katika zawadi za gharama ni barua ambazo watu wazima wanaandikiana, na mtoto ni tarishi tu.

Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Baba aliyekaa Mombasa miezi kumi na moja, mtoto wake akimjua kwa sauti ya simu, si lazima awe ana majivuno anaponunua kile kikubwa kuliko vyote dukani. Anajaribu kuzilipa siku zote zile kwa furushi moja. Mtu huyo hahitaji mahubiri. Angeambiwa tu kwamba nauli ya kumfikisha nyumbani siku tatu mapema ingempa mtoto zaidi ya furushi lile, huenda angesikia.

Kuna jambo jingine ambalo dini yetu imelisema, nami naona lafaa kwa mzazi yeyote. Nuuman bin Bashir alipokuwa mdogo, babake alitaka kumpa zawadi, akamwendea Mtume (s.a.w.) ili awe shahidi. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hicho. Alipojibu kuwa la, Mtume akakataa kushuhudia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na kila mwenye watoto wawili aijua maana yake hata kama hakuisoma. Chukua boma la Kijaluo wakati wa Krismasi: watoto wa kaka watatu, pengine wa wake wawili, na wajukuu walioachwa kwa bibi. Vigari viwili kwa watoto tisa ni fitina iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Basi bajeti na ianze kwa kuhesabu vichwa, kisha pesa zigawanywe, ndipo dukani paendwe. Wengi hufanya kinyume: huona kitu, hukipenda, hununua, wakafika nyumbani kuhesabu waliosahauliwa.

Tuseme mama ana watoto wanne wadogo, na kila mmoja amemkadiria shilingi 500, nguo nzuri ya mtumba na kitu kidogo cha kuchezea. Jumla ni 2,000. Akianza Januari, ni shilingi 40 kwa wiki, wiki hamsini. Akiwa riziki yake ni ya omena, asihesabu kwa wiki, ahesabu kwa giza: shilingi 170 kila giza, magiza kumi na mawili, na kidogo kikabaki. Tena chombo cha kuwekea anacho. Kule wanawake wana nyoluoro, ambayo ndiyo upatu wetu, na vikundi vingi vya akina mama nchini hufunga mwaka kwa kununua unga, sukari na mafuta kwa jumla na kugawana. Ningependa madaftari ya Januari yaingie katika mgao huo kabla ya nguo za Desemba. Zaka ya fitri sisi huitoa kabla ya swala ya Idi, pishi kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga. Haki ya mwingine hutangulia, ndipo raha yetu ifuate. Haki ya Januari nayo ingetangulia vivyo hivyo.

Na Muislamu je, aliye huko huko? Wapo, tena si wageni. Kendu Bay ina Waislamu wa siku nyingi, na Hussein Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa mtu wa upande huo kabla ya kuhamia Kogelo. Ukoo mmoja huko huwa na dini mbili, na ami Muislamu hukutana na wapwa na watoto wa nduguze Wakristo walionyoosha mikono. Asiyeona vyema kutoa zawadi Desemba 25 na asitoe, na asinune. Aje wiki ya kwanza ya Januari na mkoba wa shule na madaftari sita. Atakuwa amefika siku ambayo mfuko wa nduguye umekauka.

Nilisema zamu yetu yaja. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2000, Idi ndogo ilipoangukia siku mbili tatu baada ya Krismasi. Kwa hesabu za kalenda, mwaka 2031 itaangukia karibu na Januari 24. Mwaka 2032 karibu na Januari 14. Mwaka 2033 karibu na Januari 2, na kisha mara ya pili mwaka huo huo karibu na Desemba 23. Miaka mitatu mfululizo, baada ya Ramadhani na futari zake, tutanunua kanzu na kofia na magauni ya watoto katika mwezi ule ule wa sare. Mtoto aliyezaliwa Lamu mwanzo wa mwaka 2026 atakuwa ametimiza miaka mitano Idi ya mwaka 2031, umri wa chekechea na umri wa mkono wa Idi, naye atavidai vyote viwili katika mwezi mmoja.