Penina Si Jina la Kumtukania Mtu

Kila tunapoijadili hadithi ya Kenna Wasike, "Mapenzi ya Kifaurongo", katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba, hukumu huwa tayari kabla kitabu hakijafunguliwa. Penina ni msaliti, Dennis Machora ni mnyonge, na wasichana wa chuo ndivyo walivyo. Majuzi mwenzetu mmoja alivunja uchumba na kijana asiye na kazi. Darasani akaitwa Penina, watu wakacheka.

Mimi siafiki. Penina, binti wa wenye nacho, alimfuata kijana aliyekuwa akipika uji chumbani kwake. Dennis mwenyewe alimtahadharisha kwamba tajiri na maskini hawapatani, naye akaapa kuwa hatamwacha. Anayetafuta pesa hafuati uji! Walipanga nyumba pamoja, pesa za wazazi wa Penina zikawakimu, na Dennis akamaliza chuo akabaki bila ajira.

Kosa la Penina lipo, tena ni kubwa, ila si pale tunapolitafuta. Mapenzi huisha, hilo si dhambi. Dennis aliporudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi mikono mitupu, Penina alikuwa na nafasi ya kusema ukweli kwa heshima: nimechoka, kiapo changu kimenishinda. Badala yake alimfukuza kwa kumsimanga umaskini ule ule alioapa kwamba si kitu. Hapo ndipo aliponipoteza mimi kama msomaji. Alijua thamani ya kiapo chake, akaona ni rahisi zaidi kumdhalilisha aliyeapiwa kuliko kukiri kwamba kimemshinda.

Na Dennis je? Tunamsamehe upesi kwa sababu anafanana nasi. Lakini alionya, kisha akahamia ndani ya onyo lake mwenyewe. Maskini naye ana hiari. Huku Kikoni na Wandegeya wapo wavulana wanaolishwa na wachumba wao, na sijasikia mtu akiwaita Dennis.

Mwenzetu tuliyemcheka hakumtukana mtu wala kumtupia mtu virago nje. Alisema tu kwamba hawezi kuendelea, jambo ambalo Penina alishindwa kulisema. Wahadhiri wetu, swali la "Thibitisha kuwa Penina ni msaliti" tumelijibu vya kutosha. Tuulizeni jioni ile angeweza kusema nini.