Maradhi ya figo: Tuzibe ufa kabla ya kujenga ukuta

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa miaka minne nimekuwa mfichaji, na leo nimeamua kuiacha ada hiyo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilikwenda hospitalini kwa sababu ya kichwa kilichoniuma kila jioni. Muuguzi alinipima shinikizo la damu, akanitazama, kisha akarudia kunipima. Damu na mkojo vilipochunguzwa, daktari aliniarifu kwamba figo zangu zilibakiwa na asilimia 42 ya uwezo wake. Leo ni asilimia 31. Sijapata kuhisi maumivu yoyote ya figo.

Hapo ndipo penye hila ya maradhi haya. Figo zenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwa damu kila siku, na karibu yote hurejeshwa mwilini. Kwa kuwa zina akiba kubwa ya nguvu, huweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake pasi na mwenyewe kung'amua. Miguu kuvimba, kichefuchefu na uchovu aghalabu hujitokeza wakati maji yamekwisha kuzidi unga.

Visababishi vikuu ni ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu. Mimi niliongeza kosa langu: vidonge vya kutuliza maumivu nilivyojinunulia bila ushauri wa daktari. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwenye shinikizo anayezitumia kila mara hujiponza.

Nionavyo mimi, taifa letu limeianza safari hii kutoka mwisho. Kuanzia mwaka 2015, serikali ilisambaza mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti. Hatua hiyo yastahili pongezi. Hata hivyo, mashine ni ukuta. Ufa ni shinikizo lisilopimwa. Anayefikia mashine hukaa kando yake takribani saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote asipopandikizwa figo. Je, ni mwalimu gani atakayeweza kumaliza silabasi katika hali hiyo?

Wapo watakaodai kwamba shule si zahanati. Sikatai. Lakini kumwalika muuguzi wa zahanati jirani mara moja kila muhula, apime shinikizo, sukari na mkojo wa walimu na wafanyakazi, si jambo la kuishinda shule. Siku ya Figo Duniani, inayoadhimishwa Alhamisi ya pili ya Machi tangu mwaka 2006, yafaa iwe mwanzo. Nao wanafunzi wanaochora figo katika somo la biolojia wawaulize wazazi wao: mlipimwa lini?

Juma lililopita niliwaeleza wanafunzi wangu hali yangu. Mmoja aliniuliza kama nitakufa. Nilimjibu kwamba sote tutakufa, ila mimi ningali na asilimia 31 za kulinda, kwa dawa, kwa chumvi kidogo na kwa kupimwa damu kila baada ya miezi mitatu.

Nawe, mwalimu mwenzangu, wajua umebakiwa na ngapi?