Travis Hawakufulia, Walimsubiri Mwenzao

Kila Coldplay wakijaza uwanja, mitandaoni linaibuka swali lile lile: hivi Travis wako wapi siku hizi? Na jibu huja fasta: jamaa walifulia, wakapitwa na vijana waliojifunza kwao. Stori tamu, ila imekatwa katikati.

Kwa wasiowajua, Travis ni bendi ya magitaa kutoka Glasgow, Scotland. Albamu yao ya kwanza, Good Feeling ya 1997, ilikuwa ya kelele na fujo, magitaa juu juu, vijana wanaotaka watu waruke. Ya pili, The Man Who ya 1999, wakashusha kila kitu. Mdundo ukawa wa taratibu, huzuni ikaingia, na sauti ya Fran Healy ikawekwa mbele. Wachambuzi kibao waliipokea kwa ubaridi. Halafu Juni mwaka huo wakapanda jukwaa la Glastonbury, wakapiga ngoma yao ya Why Does It Always Rain on Me?, na mvua ikashuka kweli! Baada ya hapo albamu ikapanda hadi namba 1, ikauza zaidi ya nakala milioni 2 Uingereza peke yake, na kwenye tuzo za BRIT za 2000 wakabeba bendi bora na albamu bora.

Mwaka huo huo wa 2000 Coldplay wakaachia albamu yao ya kwanza, Parachutes. Zisikilize hizo mbili mfululizo, undugu hauhitaji kuelezwa. Chris Martin mwenyewe ameshakiri hadharani kwamba Travis ndio waliowafungulia njia.

Sasa kipande ambacho watu hukiruka ni hiki. Mwaka 2001 Travis walitoa The Invisible Band, laini zaidi, hadi banjo imo, nayo ikaenda namba 1. Walikuwa juu. Mwaka uliofuata, wakiwa kwenye ziara Ufaransa, mpiga dramu wao Neil Primrose akajirusha kwenye bwawa la kuogelea, akagonga chini, akavunjika shingo. Kidogo azame. Bendi ikasimama. Agosti mwaka huo huo Coldplay wakaachia A Rush of Blood to the Head, na kutoka hapo hawakushikika tena.

Kibiashara, kukodi mpiga dramu mwingine lilikuwa jambo rahisi tu. Wapiga dramu wazuri London hawakosekani. Travis wakamsubiri mwenzao hadi akapona, wakarudi 2003 na 12 Memories wakiwa naye. Na walirudi na sauti nyingine kabisa, nzito, wakiimba kuhusu vita ya Iraq na vipigo vya ndani ya nyumba. Shabiki aliyetaka wimbo wa mvua sehemu ya pili akanuna, mauzo yakashuka. Mwaka 2008 wakageuka tena na Ode to J. Smith, makelele ya gitaa kama zamani.

Tuwe wakweli, si kila kitu walichotoa baada ya hapo ni moto. Zipo albamu zilizopita kimya kimya na zilistahili kupita hivyo. Lakini kuita hiyo kufulia ni kupima kila kitu kwa idadi ya watu uwanjani. Makundi mangapi yamesambaratika kwa sababu ya hela, au mmoja kujiona staa kuliko wenzake? Travis wamefika albamu ya 10, L.A. Times ya 2024, wakiwa wanne wale wale wa albamu ya kwanza: Healy, Primrose, Andy Dunlop na Dougie Payne. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyesusa.

Na kwenye albamu hiyo kuna ngoma inaitwa Raze the Bar. Sikiliza sauti za wageni walioalikwa. Mmoja ni Brandon Flowers wa The Killers. Mwingine ni Chris Martin. Yule anayesemwa aliwapora kiti amekuja kuwaitikia.

Wewe je, ungekuwa kwenye hiyo bendi 2002, ungemsubiri mshkaji au ungekodi mwingine show iendelee? Dondosha jibu hapo chini, na usijifanye mtakatifu.