Kabla ya sumu ya panya, ua viroboto

Mahindi yakishavunwa katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, magunia huingizwa ndani, na panya huyafuata. Jibu la wengi wetu ni sumu ya panya. Asubuhi panya wanaokotwa wamekufa chini ya kitanda, na mwenye nyumba anaona kazi imekwisha.

Palipo na tauni, hapo ndipo hatari inapoanza. Bakteria wa tauni huishi kwa panya, lakini anayemletea binadamu mara nyingi ni kiroboto. Panya akifa na mwili wake ukapoa, viroboto humwacha wakatafute damu nyingine. Anayelala sakafuni ndiye wanayemfikia kwanza. Ndiyo maana kanuni ya kudhibiti tauni ni kuua viroboto kwanza, panya baadaye.

Sisemi kwamba tauni ipo Arusha mjini leo. Lakini haiko mbali nasi. Lushoto iliteseka kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20, ikapata wagonjwa zaidi ya 7,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 2007 ugonjwa ulizuka Mbulu, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipoundwa mwaka 2002. Mabasi ya kutoka huko huingia stendi yetu kila siku.

Kinga yenyewe haihitaji fedha nyingi. Hifadhi nafaka kwenye chombo kinachofungwa, mbali na mnapolala. Watoto walale kitandani, si chini. Ukiona panya wengi wanakufa bila kutegewa sumu, usiwashike kwa mikono wala usiwaache watoto wawachezee. Mwarifu mtendaji wa kijiji au afisa afya wa kata siku hiyohiyo.

Homa ya ghafla, kutetemeka na mtoki unaouma kinenani, kwapani au shingoni ni sababu ya kwenda kituo cha afya mara moja. Dalili hizi kwa kawaida hutokea kati ya siku 1 na 7 baada ya maambukizi. Tauni hutibika kwa antibiotiki ikiwahiwa. Ikiingia mapafuni huambukiza kwa kikohozi, na bila matibabu huua karibu kila anayeipata.

Aliyekaa karibu na mgonjwa wa tauni ya mapafu, umbali usiozidi mita 2, anaweza kupewa antibiotiki za kinga kama doksisaiklini kwa siku 7. Dawa hiyo hutolewa na mtaalamu kwa mtu aliyekuwa hatarini. Kukimbilia duka la dawa na kumeza vidonge viwili vitatu kwa hofu si kinga. Ni kuwafundisha bakteria usugu.

Kwa halmashauri zetu nina ombi moja: msiendeshe kampeni ya kugawa sumu ya panya bila kupulizia kwanza dawa ya viroboto. Na kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mgonjwa akija na homa na mtoki, msiishie kwenye kipimo cha malaria. Muulizeni ametoka wapi, na kama nyumbani kwake panya wamekuwa wakifa. Maswali hayo mawili hayana gharama, na yanaweza kuokoa kaya nzima.