*BETRI ZA SOLA NA SIMU MBOVU: TUSIPASUE, TUSICHOME*



Tangu sola ziingie vijijini kwetu, nyumba nyingi zina betri iliyokufa nyuma ya mlango. Juu yake utakuta redio isiyoshika, chaja mbili tatu, simu ya kitochi iliyovimba betri, na kwa wenye nacho, televisheni ya kichogo inayosubiri fundi ambaye hatakuja.

Siku akipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake, vitu hivi vinatoka. Nisieleweke vibaya: kijana huyo si adui. Anatafuta riziki, na bila yeye vingeishia shimo la taka. Ugomvi wangu ni kupasua na kuchoma.

Betri ya sola au ya gari ina risasi na asidi. Anayeimwaga asidi nyuma ya nyumba ili mzigo ubebeke kirahisi, anamwaga na risasi. Risasi haiozi. Inabaki kwenye udongo, kuku anadonoa, mtoto anachezea kisha analamba vidole. Inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Kwa mjamzito inamfikia aliye tumboni. Waya nazo zikichomwa ili kupata kopa, moshi wa lile ganda la plastiki ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani.

Wenzetu wa Mombasa wameyaona. Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, alikuta mwanawe ana risasi kwenye damu, akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikapindua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Miaka yote hiyo, na waliozikwa wamezikwa. Wao angalau walikuwa na kiwanda cha kushtaki. Sisi tukijimwagia wenyewe uani, tutamshtaki nani?

Sheria ipo. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mwaka 2021 zikatoka kanuni za taka za umeme na elektroniki, NEMC ndio wasimamizi. Lakini mwenye kibali hawezi kufunga safari kutoka mjini kufuata betri moja ya mama fulani. Mzigo lazima ukusanywe kwanza, na hilo liko mikononi mwetu.

Pendekezo langu, na naomba lijadiliwe kabla ya mkutano mkuu wa kijiji: tuiombe halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo. Marufuku kupasua betri na kuchoma waya, hasa karibu na shule, visima na mito. Kila mnunuzi ajiandikishe kwa mtendaji na achukue betri nzima, na asidi yake ndani. Vilevile itengwe sehemu ya kukusanyia, yenye paa na sakafu ya saruji, kwenye ofisi ya kijiji. Nasema ya kijiji, si ya tawi, maana risasi haiulizi kadi ya chama. Mzigo ukitosha, mtendaji awasiliane na halmashauri ya wilaya ili apatikane mnunuzi mwenye kibali.

Najua kuna atakayeuliza, na hela yangu? Itabaki yako. Jina lako na kilo zako ziandikwe kwenye daftari siku unapoleta, ulipwe mzigo ukiuzwa. Atakayesema ni kuchelewesha hela ya mbolea ana hoja, tuizungumze.

Kwa sasa: simu mbovu itolewe laini na memori kadi kabla ya kuuzwa. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa motoni. Viongozi wa mashina wahesabu betri zilizokufa kila nyumba na walete idadi kwenye kikao kijacho cha tawi.

*Katibu Mwenezi wa Tawi*
Ndalambo, Momba