Msiihukumu Prosesa Kabla ya Kuupima Ubao

Dai kwamba prosesa iliyoongezwa kasi ikianza kuyumba baada ya kubadilishiwa ubao mama basi "imechoka" na inunuliwe nyingine, linawatia watu hasara bure.

Chukua Intel Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007. Kasi yake ya kiwandani ni gigahezi 2.4, yaani megahezi 266 mara 9. Wengi waliifikisha 3.6 kwa kuinua ile 266 hadi 400. Mzigo wa kasi hiyo haubebwi na prosesa peke yake. Chipu za ubaoni na RAM nazo huubeba. Tena kila ubao hugawa umeme kwa saketi zake. Ukiandika volti 1.40 kwenye BIOS, kazi ikizidi prosesa inaweza kupata 1.32 tu, hali kwenye ubao wa zamani volti hazikushuka hivyo. Namba zile zile, umeme tofauti!

Futa mipangilio ya BIOS, rudi kwenye kasi ya kiwandani, pima RAM kwa programu ya Memtest86, kisha ipe prosesa mzigo kwa programu ya Prime95 ukitazama volti na joto. Ikitulia, panda kidogo kidogo. Ikianguka hata kwa kasi ya kiwandani, ijaribu kwenye ubao mwingine kabla hujatoa pesa mfukoni.